Benchi la Mbele

Weldon Kipyegon alikuwa na miguu mirefu ya bure. Kila mgeni aliyemwona akipita kwenye mistari ya chai na kikapu mgongoni alidhani huyo lazima ni mkimbiaji, na waliomjua walicheka, kwa maana shuleni Weldon alikuwa akifika mwisho wa mbio wakati wenzake wameshavaa viatu na kwenda kunywa uji. Mwaka ule wa tisini na saba, huku kwetu Kericho, kijana aliyeshindwa na mbio na kushindwa na vitabu alikuwa amebakiziwa mawili: achume chai ya kampuni au achume ya baba yake. Weldon alichagua ya kampuni. Chai ya baba yake ilikuwa na baba yake ndani.

Si kwamba Mzee Mosonik alikuwa mkali. Mkali afadhali, unajua yuko wapi. Huyu alikuwa mtu wa kimya, mzee mrefu wa upande wa Kapkatet mwenye koti moja la kanisani na moja la shambani, ambaye mngeweza kupogoa chai pamoja tangu asubuhi hadi mvua ya mawe ya alasiri na neno pekee utakaloambiwa likawa "lete panga." Wakati Weldon alipoacha shule kidato cha pili, baba yake alimtazama mguuni, akamwambia anunue gambuti kabla ya kwenda shambani kwa watu. Maneno yalikuwa hayo tu.

Mara moja tu katika maisha yake Weldon alipata uso wa baba yake wote. Ilikuwa asubuhi ya tohara, baridi ya Desemba, yeye na wenzake wamesimama safu moja na wanaume wamewazunguka, kila mwanaume akitazama kope. Kope, si kisu. Ukipepesa, watajua, na watajua hata ukiwa na wajukuu. Mzee Mosonik alisimama mbele kabisa. Weldon aliyaweka macho yake katika macho ya baba yake, akayashikilia hapo kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe na upepo, na kisu kikapita, na hakupepesa. Ndipo akauona uso ule ukifunguka. Baba yake alimpa mtamba mwekundu siku hiyo, akataja jina lake mbele ya watu kwa sauti ambayo Weldon hakujua mzee anayo.

Tangu hapo uso ulijifunga tena. Nawaambia ukweli, kijana anaweza kuzunguka dunia nzima akitafuta kitu kama hicho, na asimwambie mtu, kwa sababu akisema kitasikika cha kitoto. Weldon hakusema. Alikuwa anataka baba yake amtazame vile mara moja tena, basi.

Kampuni ilikuwa na ukumbi katika kambi ya wafanyakazi, jumba refu la mabati la kuchezea densi za Krismasi na kufanyia harambee. Siku za Jumanne na Alhamisi jioni, funguo zake zilikuwa kwa Lazarus Amolo, fundi wa mitambo kiwandani. Amolo alikuwa mtu wa Ziwa, mpana, mwenye kicheko cha kutikisa bati, na meno sita ya chini hana, alikuwa ameng'olewa utotoni kwa desturi ya kwao. Zamani alikuwa mwanajeshi, na huko jeshini alijifunza ngumi na judo. Kisha mpwa wake akamletea kutoka ng'ambo kaseti ya video ya wanaume wanaopigana kwa kila namna, ngumi, mateke, kukabana na kuangushana chini, yote katika pambano moja. Amolo aliitazama kaseti ile mpaka ikaanza kukwaruza. Wiki iliyofuata akatangaza kwamba klabu yake ya ngumi imebadilika. Jina hakuwa nalo, akauita mchezo huo changanya.

Magodoro walijishonea wenyewe. Walichukua magunia mabovu wakayajaza zile nyuzi za chai zinazofagiliwa kiwandani baada ya kuchekecha, na mtu akiangushwa juu yake vumbi la chai lilipanda, ukumbi mzima ukapiga chafya. Weldon alikwenda mara ya kwanza kuchungulia tu. Amolo akamwona mlangoni.

"Wewe mwenye miguu ya twiga, kuja hapa. Unajua kukimbia?"

"Hapana."

"Afadhali. Watu ya kukimbia wananisumbua, wakipigwa kidogo wanakimbia."

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza Weldon akacheka pamoja nao juu ya jambo hilo.

Ikaonekana kwamba ile miguu haikuwa ya bure. Ilijua kuzunguka kiuno cha mtu na kukaa hapo. Na mikono ya mchuma chai, mikono inayokwanyua majani mawili na chipukizi tangu alfajiri, ikishika kifundo cha mkono wa mtu haitoki kwa kuombwa. Amolo aliona hayo siku ile ile, akarudi nyumbani akamwambia mkewe Eddah kwamba amepata mtu. Eddah akamuuliza kama huyo mtu anakula, maana waliopita wote walikuwa wakimalizia chakula kwake. Weldon alikula. Alikula ugali wa Eddah na samaki ambaye mwanzoni aliiogopa miiba yake, na kufikia msimu wa mvua ndefu alikuwa na kiti chake pale.

Lakini somo la kwanza la Amolo halikuwa ngumi wala teke. Lilikuwa kugonga. Kila jioni ya mazoezi, kabla ya jambo lolote, aliwalaza wote chini, akawaamuru wagonge godoro kwa kiganja, kisha wagonge paja la mwenzao.

"Ukishikwa shingo, gonga. Ukishikwa mkono na hakuna njia, gonga. Akisikia anaachilia, mnaamka, mnasalimiana, mnaanza tena. Hii mchezo inaendelea kwa sababu watu wanagonga. Mtu hagongi, huyo amemaliza mchezo yake na ya mwenzake."

Weldon aligonga godoro pamoja na wengine, kwa kiganja laini, kama mtu anayeitikia sala ya dini isiyo yake. Zoezi likiwa zoezi, sawa. Lakini akishikwa kweli hakugonga. Alijipinda, alikunja meno, alisubiri. Moyoni alikuwa na jibu lake, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, nalisema mapema ili msije mkanilaumu. Alikuwa akijiambia: Kochi ni mtu mzuri, lakini kwao hawatahiri. Hajawahi kusimama mahali wanaume wanatazama kope zake. Atajua nini kuhusu aibu?

Siku moja Amolo alimshika kiwiko, akakikaza, akasubiri kusikia kiganja. Hakusikia kitu. Akakaza kidogo tena. Weldon alikuwa ametulia, macho makavu, anaangalia dari. Amolo ndiye aliyeachia.

"Weldon, wewe ni mjinga?"

"Haikuwa inauma sana, Kochi."

"Ilikuwa inauma. Nimesikia mfupa na mkono yangu." Akakaa kwenye godoro, akajifuta jasho. "Unafikiri mimi sijui hii yenu? Haya meno unafikiri yalianguka yenyewe?" Akafungua mdomo, akaonyesha pengo. "Nilikaa kwa kiti, wazee wananiangalia, sikulia. Hiyo ilikuwa siku yake. Ikaisha. Sasa nikiumwa na jino naenda kwa daktari napiga kelele kama mbuzi."

Wote wakacheka. Weldon naye akacheka, lakini neno lile halikumwingia. Na Amolo, tumseme na yeye, alikuwa na kosa lake. Alimpenda kijana kupita kiasi. Kila mara aliachia kwanza. Msimu mzima Weldon alijifunza kwamba ukivumilia vya kutosha, mtu mwingine atakuonea huruma.

Mapambano yalianza hapo hapo ukumbini. La kwanza lilikuwa na kijana wa Kedowa, na Weldon, ili apate nguvu, alikunywa kibuyu kizima cha mursik, maziwa yaliyoganda, kabla ya kuingia. Goti la kwanza tumboni likairudisha yote, nyingi yake kwenye viatu vya refa. Alishinda hata hivyo, kwa sababu yule wa Kedowa alikuwa anacheka mno asiweze kupigana. La pili alishindwa kwa pumzi, na Amolo akamfundisha kupumua kwa pua na asipoteze nguvu zote kama mtu anayemfukuza nyoka jikoni. La tatu alishinda, na la nne Nakuru akashinda dhidi ya mtu ambaye watu walimlipia kiingilio wamwone. Hapo akaja promota, mtu wa suti ya kahawia, akasema kwamba atafanya onyesho Kericho mjini Jumamosi ya mwezi ujao, na kijana huyu wa miguu akishinda, atampeleka Nairobi, apate mazoezi ya kweli.

Habari hizo zilifika Kapkatet kupitia kituo cha kununulia majani, kama habari zote. Wanawake waliopanga foleni na vikapu walimwuliza Mzee Mosonik kama yule anayeangusha watu Nakuru ni wake. Mzee akasema ni wake. Wakamwuliza kama ameshamwona akipigana. Mzee akahamisha kikapu chake mbele kidogo kwenye foleni.

Jumamosi hiyo alikuja. Alitokea mlango wa nyuma wa ukumbi wa mjini, koti la kanisani, fimbo, kofia imelowa, na Weldon, aliyekuwa akifungwa vitambaa mikononi, alisimama ghafla mpaka kitambaa kikafunguka chote. Mzee Mosonik hakumsogelea. Alikwenda kwanza kwa Amolo, akampa mkono.

"Nasikia wewe ndiye umefundisha huyu."

"Ni mimi, mzee."

"Leo nitaona," Mzee akasema. Akamtazama mwanawe, akamwinamishia kichwa kidogo, akatoka kwenda kutafuta pa kukaa.

Amolo alibaki ameshika ule mkono wake kana kwamba umepakwa rangi mbichi. Kwa miaka aliyoishi Kericho alikuwa amesikia maneno ya wenyeji kuhusu watu wa kwao, mengine ya utani na mengine si ya utani, na hakuna mzee wa Kikipsigis aliyewahi kuja kumpa mkono kwanza. Alijisikia mkubwa. Weldon alimshika begani.

"Kochi, leo usitupe taulo."

"Taulo ni yangu. Sio yako."

"Baba yuko. Nakuomba. Nitagonga mwenyewe kama ni lazima. Lakini usinitupie taulo mbele ya baba."

Amolo alijua kwamba kijana hatagonga. Alijua kama anavyojua sauti ya mtambo unaotaka kuharibika. Akamwambia, "Tutaona," akaanza kumfunga kitambaa upya.

Ukumbi ulijaa. Mabenchi ya mbao yalipangwa mpaka ukingoni mwa magodoro, na Mzee Mosonik aliwekwa benchi la mbele, karibu na Ogola, karani wa mizani kutoka kambini, mtu mwema ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Sheria zilisomwa kwa kipaza sauti kibovu: refa atasimamisha pambano kwa mambo mawili tu, mkono ukigonga au taulo likitupwa na kochi. Yakapigwa mapambano ya vijana wadogo kwanza. Weldon hakuyaona, alikuwa chumba cha nyuma akiruka ruka, akijiambia usipepese, usipepese.

Mpinzani wake aliitwa Ogari, kijana wa Nakuru, mfupi, mpole, aliyesalimia watu wote kwa mikono miwili. Duru ya kwanza Weldon alimpeleka alivyotaka. Miguu ilimzunguka, mikono ilimshika, watu wa Kericho wakapiga miluzi. Duru ya pili akamwangusha, akamfuata chini kwa haraka mno, mkono wa kulia mbele, kosa ambalo Amolo alikuwa amelikataza tangu siku ya kwanza. Ogari akaudaka mkono ule. Akaupitisha katikati ya mapaja yake, akalala chali, akakaza kiwiko kwenda upande ambao kiwiko hakijaumbiwa kwenda.

Hakukuwa na njia. Weldon alijaribu kugeuka, hakukuwa na njia. Maumivu yakapanda begani, yakaja mpaka nyuma ya macho. Ogari alikuwa amekaza na kuishia hapo, akingojea, na sauti yake ya upole ilikuwa inasema kwa chini, "Gonga, ndugu. Gonga, nitakuvunja."

Hapo Weldon akasikia. Mbao zinagongwa, paa, paa, paa, kutoka benchi la mbele. Akageuza macho. Mzee Mosonik, mtu ambaye hakuwahi kupiga makofi hata harusini kwa binti yake, alikuwa ameinama mbele, kofia imeanguka, na kiganja chake kilikuwa kinapiga benchi kwa nguvu zote. Uso wake ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi wote, kama asubuhi ile.

Sijui niwaelezeje furaha iliyomjaa kijana yule chini pale. Mkono ulikuwa unatoka, na alikuwa na furaha. Aliyaweka macho yake katika macho ya baba yake, akayashikilia, na hakupepesa.

Amolo alikuwa tayari ameshalitoa taulo begani. Alikuwa amelikunja, mkono umerudi nyuma kulirusha. Akamtazama mzee kwanza, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi. Akaona kiganja kikipiga benchi, paa, paa, na uso ule. Mkono wake ukashuka.

Kiwiko kililia kama tawi la chai linalovunjwa wakati wa kupogoa. Ukumbi mzima ulisikia.

Ogari ndiye aliyepiga kelele. Aliachia, akarudi nyuma kwa makalio, akaanza kulia waziwazi. "Kwa nini hakugonga? Nilikuwa nangoja! Mmeona nilikuwa nangoja!" Refa alikuwa ameinama juu ya Weldon. Weldon hakulia. Alitafuta uso wa baba yake kati ya miguu ya watu waliokuwa wamejazana, na hakuuona.

Alipouona ilikuwa hospitalini, asubuhi ya pili, na ulikuwa umefungwa. Mzee Mosonik alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, fimbo katikati ya magoti, akitazama ukuta. Alikaa mpaka saa za kuwaona wagonjwa zikaisha. Akasimama, akasema, "Ng'ombe yako imezaa. Ndama wa kike." Akaondoka. Weldon aligeukia ukuta ule ule, akaelewa kwamba ameshindwa mbele ya baba yake, na kwamba mzee anaona haya. Hapo ndipo alipolia, kimya, shuka mdomoni, na sio kwa sababu ya mkono.

Mfupa ulishika vibaya. Plasta ilipotoka, kiwiko kilibaki kimekunjwa, hakinyooki wala hakikunjiki zaidi, na vidole viwili vilikuwa baridi daima. Promota wa suti ya kahawia hakurudi. Msimamizi wa kambi alimwita Weldon kwa heshima akamwonyesha mistari ya chai, kana kwamba hajawahi kuiona, akamweleza kwamba kazi ile ni ya mikono miwili. Akarudi Kapkatet. Alirudi kwenye chai ya baba yake na baba yake ndani yake, na hata ile hakuweza kuichuma. Kitu alichoweza kufanya ni kumkamua yule ng'ombe mwekundu, mtamba wake wa zamani, kwa mkono wa kushoto, polepole, na ng'ombe akichoka kusubiri alipiga teke ndoo.

Baba na mwana waliishi hivyo. Habari ya pambano haikutajwa. Ikitajwa na jirani, Mzee aliondoka. Na kila alipoondoka, Weldon alihesabu kwamba aibu bado ipo. Mtu mwenye jeraha husoma kila kitu kwa jeraha lake, na hakuna anayemsahihisha, kwa kuwa hakuna anayejua anasoma nini.

Kambini, Amolo alirudisha funguo za ukumbi. Magodoro yalitupwa nyuma ya jumba, yakanyeshewa, yakavimba, na kwa wiki nzima upande ule wote wa kambi ulinuka chai iliyolala. Eddah alimwambia mumewe aende akaseme, kwa maana alikuwa amechoka kulala na mtu anayeongea na taulo. Akaenda Kapkatet.

Alifika alasiri, mvua ya mawe imetoka kupita, vipande vyeupe bado vimelala kwenye majani. Mzee Mosonik alimkaribisha kwenye benchi la nje chini ya upenu, akamtolea mursik katika kikombe cha bati. Weldon alikuwa zizini, hatua chache tu, na ndoo. Amolo hakumwona. Alishika kikombe bila kunywa.

"Mzee, nimekuja kusema pole. Taulo ilikuwa kwa mkono yangu."

"Ilikuwa," Mzee akasema.

"Nilitaka kutupa. Haki ya Mungu, nilikuwa natupa. Lakini nikaangalia wewe kwanza. Nikaona unapiga benchi. Nikasema, huyu ndiye baba yake, na anaambia kijana akaze. Mimi mtu ya kutoka mbali, mimi nani nitoe kijana ya wenyewe kama baba yake anataka akae?" Akakizungusha kikombe. "Hiyo ndiyo nilifikiri, mzee. Na nilifikiri makosa. Ningetupa."

Maji ya upenuni yalidondoka moja moja. Mzee Mosonik akasema, taratibu, kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Ile siku mimi sikujua mchezo. Yule karani wa mizani alinionyesha. Kijana wa kwanza alishikwa shingo, akagonga chini, akaachwa. Nikauliza, sasa hiyo ni nini? Akaniambia, mzee, mtu akiona ni mbaya anagonga, anaachwa, na hakuna mtu anacheka. Nikasema hiyo ni kitu mzuri. Nikasema hata sisi tungekuwa nayo."

Akanyoosha mkono wake. Kiganja chake, kigumu kwa panga na majani, kikashuka juu ya benchi waliloketi, paa, paa, paa.

"Mimi sikuwa naambia yeye akaze, Amolo. Mimi nilikuwa nagonga. Nilikuwa namgongea. Nilifikiri baba anaweza."

Amolo aliweka kikombe chini. Akaufunika uso wake kwa mikono yote miwili, mtu mpana vile, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama kiganja chake.

"Niligonga sana," akasema. "Hakuna mtu alisikia."

Zizini, Weldon alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Alisikia yote. Aliuona tena uso ule wa benchi la mbele, ulivyokuwa wazi, na sasa akajua ulikuwa wazi kwa nini. Haukuwa uso wa asubuhi ya tohara hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayeona mtoto wake akizama. Na yeye aliutazama, akaufurahia, akauacha mkono wake uvunjike kwa ajili yake. Moyo wake uliuma kupita kiwiko siku ile, na hakuna neno zuri zaidi la kulisema hilo, uliuma.

Amolo alipokwenda, aliagwa kwa mkono, na Mzee akaushikilia ule mkono kwa muda kabla ya kuuachia. Kisha akaja zizini. Weldon akaketi, akaiweka ndoo chini ya ng'ombe. Mzee akavuta gogo, akakaa upande wa pili wa ng'ombe mwekundu, akashika chuchu mbili, akamwachia mwanawe mbili. Maziwa yakaanza kuita ndani ya ndoo, mkono wa Weldon ukichelewa, mikono ya baba yake ikimngojea.

Weldon aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Alijaribu kuendelea, hakuweza. Mkono wa kushoto uliiacha chuchu, ukapanda kwenye ubavu ule wenye joto, na ukagonga, polepole, kwa kiganja.

Upande wa pili, maziwa yalinyamaza.

"Nimesikia," baba yake akasema.

Akainuka, akazunguka nyuma ya ng'ombe, akaichukua ndoo kutoka chini yake. Akaiweka pembeni ng'ombe asije akaimwaga, akakaa hapo kando yake kwenye matope.